Shabiki kama Shahidi: Nafasi ya Msikilizaji katika Uimbaji wa Walikale na Masisi

Uhakiki wa nyimbo katika vyuo vyetu vya Kivu umejijengea mazoea ambayo hayajahojiwa vya kutosha. Mwanafunzi hupewa maneno ya wimbo yaliyonukuliwa kutoka katika kanda au simu, akaambiwa atafute maudhui, ataje tamathali za usemi, aonyeshe ujumbe kwa jamii. Akimaliza hayo amehakiki. Mwimbaji aliyeyatamka maneno hayo mbele ya watu hatajwi isipokuwa kwa jina, na mtu aliyetoka kwao akaenda kumsikiliza hatajwi kabisa. Makala haya yanakusudia kumtetea huyo wa pili. Tunadai kwamba ushuhuda wa shabiki aliyemwona mwimbaji wake ana kwa ana ni sehemu ya data ya mhakiki, na kwamba bila ushuhuda wa namna hiyo baadhi ya kazi kubwa za uimbaji za Walikale na Masisi hazisomeki sawasawa, hata pale zilipochapishwa kwa uangalifu mkubwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili sanifu kina shabiki, na kitenzi chake ni kushabikia. Katika Kiswahili cha Goma na cha milima ya Masisi husikika zaidi fanatike, wingi wake bafanatike, neno lililotokana na Kifaransa cha Kongo ambamo halina ubaya wowote: fanatike wa mwanamuziki ni mtu wake. Umiliki huo una pande mbili. Shabiki husema "mwanamuziki wangu", na mwanamuziki naye husema "watu wangu". Tofauti na msikilizaji wa kawaida, ambaye wimbo humfikia tu alipo, fanatike hutarajia kwamba siku moja atakuwapo mahali ambapo wimbo unaimbwa, na kwamba kuwapo kwake kutaonekana. Matarajio hayo ndiyo tunayoyachunguza hapa.

Kilichotusukuma kuandika ni insha ya mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Masisi. Msichana huyu alikuwa amemfuata kwa miaka mingi mwanamuziki mmoja wa Goma (jina lake tunaliacha, kwa kuwa insha haijachapishwa), akizijua nyimbo zake zote kutoka katika kadi ya kumbukumbu ya simu. Februari 2020 aliteremka kwa pikipiki hadi Sake, kisha akapanda gari hadi Goma, kumwona katika tamasha la Amani, lile lililoanzishwa mwaka 2014 na kufanyika katika viwanja vya Kolleji Mwanga. Aliandika kurasa kumi na mbili. Nne kati ya hizo zilieleza usiku huo mmoja. Waliosahihisha waliandika pembeni kwamba hizo ni sifa, si uhakiki, na wakamtaka aziondoe.

Tumezisoma kurasa hizo nne mara kadhaa. Kwa maoni yetu ndizo zenye isimu na fasihi ndani yake. Zile nane nyingine zinarudia yaliyomo katika vitabu vya mwongozo.

Chukua jambo moja tu. Mwanafunzi anasema kwamba katika rekodi mwanamuziki huyu hutamka "watu", "wanangu", "walikuja", yaani Kiswahili kinachoelekea Dar es Salaam na Nairobi, ambako rekodi huuzwa. Jukwaani, katika wimbo uleule, alitamka "batu" na "balikuja". Kisha akasimamisha ngoma, akauliza kama Masisi wapo, kama Walikale wapo, kama Rutshuru wapo, na kila mara kipande cha umati kikajibu. Shabiki wetu anaandika kwamba alipoisikia ile "ba-" alijua kuwa wimbo umerudi nyumbani. Mwanaisimu ataona hapa badiliko la kiambishi awali cha ngeli ya watu kutoka lahaja moja kwenda nyingine, badiliko lenye sababu ya kijamii, lililofanyika katikati ya mshororo ambao tayari ulikuwa umerekodiwa kwa namna nyingine. Ni nani angetupatia data hiyo? Rekodi haina. Matini iliyonukuliwa kutoka katika rekodi haina. Mwenzetu aliyekwenda na daftari bila kuzijua nyimbo hizo kwa moyo asingeligundua badiliko, maana ili usikie kwamba neno limebadilika lazima uwe umelitarajia lile la kwanza. Mapenzi ya shabiki ndiyo yaliyomfanya awe chombo chepesi cha kupimia.

Jambo la pili katika kurasa hizo ni ubeti uliokosekana. Mwimbaji aliuacha ubeti wa tatu wa wimbo maarufu kuliko zote, akauelekeza mkono kwa watu, nao wakauimba wote mpaka mwisho huku yeye amenyamaza. Mwanafunzi anasema kuwa tangu siku hiyo akiusikia ubeti huo katika simu humwona mwimbaji amefunga mdomo. Tunaweza kutabasamu. Lakini swali lililomo ni zito: ubeti huo ni wa nani? Kwa kanuni za matini ni wa mtunzi. Kwa kanuni za utendaji, usiku ule ulikuwa wa hadhira, na mtunzi aliukabidhi kwa hiari yake mbele ya mashahidi.

Wenzetu watasema kwamba hayo si mapya. Ni kweli. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, alikwisha kuonyesha kwamba kazi ya fasihi simulizi ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, mahali na wakati ni viungo vya tukio hilo. Kila mwaka tunayafundisha hayo darasani. Ila katika kusahihisha tunarudi kwenye karatasi yenye maneno, kana kwamba hadhira ni istilahi ya mtihani na si watu waliokuwapo.

Mfano mkubwa kuliko wote uko Walikale kwetu, na ndio unaotufanya tushangae zaidi mazoea haya. Mwaka 1956, katika kijiji kimoja cha Wanyanga katika eneo la Walikale, Candi Rureke alighani utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili mbele ya mtafiti wa Kibelgiji Daniel Biebuyck. Matokeo yake ni kitabu kilichotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1969, kikiwa na matini ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Huyu Mateene ni mwanaisimu ambaye wanafunzi wetu wanapaswa kumjua: ndiye aliyeandika sarufi ya Kinyanga iliyotoka Kinshasa mwaka 1980 na ile ya Kihunde iliyotoka mwaka 1992, yaani sarufi za lugha mbili kuu za maeneo haya mawili tunayoyazungumzia.

Hadithi yenyewe inajulikana. Chifu Shemwindo wa Tubondo anawaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema. Baba anajaribu kumwua. Mtoto anakimbilia kwa shangazi yake Iyangura, kisha anamfuata baba yake hadi kuzimu na kumrudisha. Darasani tunaishia hapo. Tunatoa muhtasari, tunataja sifa za shujaa, tunauliza kuhusu fimbo yake ya mkia wa nyati, tunafunga daftari.

Lakini ukikisoma kitabu kwa makini utaona kwamba hadithi inakatizwa mara nyingi na nyimbo, na kwamba ndani ya nyimbo hizo mna mambo yasiyomhusu Mwindo. Rureke anazungumza juu yake mwenyewe. Anasema amechoka. Anatia methali zisizohusiana na tukio lililotangulia. Anamtaja kijana anayemsaidia. Anamhimiza hata yule anayeandika asonge mbele, asibaki nyuma. Pembeni yake wako vijana wanaogonga kijiti kikavu kilichowekwa juu ya vijiti vidogo ili kilie vizuri. Yeye mwenyewe anacheza, anaigiza, anatikisa kibuyu. Na watu wamejaa, wanaitikia viitikio, wanacheza, wanatoa zawadi. Biebuyck anaeleza hayo katika utangulizi wake kwa uaminifu, na tunamshukuru, maana watafiti wengi wa kizazi chake wangeyafuta maneno hayo wakidhani ni takataka zilizoingia katika utendi.

Tatizo ni sisi wasomaji. Mjadala wa kimataifa ulioukuta utendi huu ulikuwa kama Afrika ina tendi au haina. Ruth Finnegan alikuwa ametia shaka mwaka 1970. Isidore Okpewho akajibu mwaka 1979, na Mwindo akawa miongoni mwa mashahidi wake wakubwa. Katika kesi ya namna hiyo ilifaa utendi wa Mwindo uonekane mrefu, kamili, wenye mwanzo na mwisho, unaoweza kuwekwa kando ya Homer. Sifa hiyo ya ukamilifu ndiyo iliyobaki vichwani. Kumbe Rureke mwenyewe alisisitiza kwamba hajawahi kuughani wote mfululizo kwa siku zinazofuatana! Desturi ya Wanyanga ilikuwa kughani sehemu, leo hii, siku nyingine ile. Maana yake ni nzito kwa mhakiki. Ukamilifu tunaousifu ulitokana na ombi la mtafiti. Mtu wa Walikale aliyempenda Rureke, aliyeacha shamba na mitego yake kwenda kumsikiliza, hakuwa amewahi kuusikia utendi "kamili", wala hakuuhitaji. Aliyajua mengine yote. Alikwenda kuona jinsi Rureke atakavyoitamba sehemu hii usiku huu, na kuitikia.

Tuseme basi wazi: katika matini ya mwaka 1969, zile sehemu tunazoziruka darasani kwa kuwa hazisongezi hadithi mbele ndizo zinazomwonyesha shabiki. Fanani anapolalamika kuwa amechoka, anazungumza na mtu anayeweza kumpa kitu. Anapotaja jina, mwenye jina yupo na amesikia. Ukiziondoa sehemu hizo unabaki na kisa kizuri cha mtoto wa ajabu, ambacho unaweza kukisoma peke yako kitandani. Ukiziacha, unasoma mapatano kati ya mtu anayeimba na watu waliokuja kwa ajili yake.

Kwa waliozoea muziki wa Kongo mapatano hayo si mageni. Mwanamuziki wa leo anaporusha libanga, yaani anapolitaja jina la tajiri au la mpenzi wake katikati ya wimbo, tunamlaumu kwamba anauza sanaa. Huenda analifanya kwa tamaa, na mara nyingi linachosha kulisikiliza. Sisi wenyewe tunaona kwamba baadhi ya nyimbo zimegeuka orodha za majina. Hata hivyo tusiseme kuwa jambo hilo lilianzia Kinshasa. Msikilizaji kutoa na mwimbaji kumtaja ni desturi ya zamani katika misitu ya Walikale, na huko pwani watu wa taarabu wanayo yao: anayeguswa na ubeti huinuka, hucheza mpaka mbele ya mwimbaji, na humtuza, na ukumbi mzima hujua ubeti huo amemtumia nani.

Pwani inatufaa pia kwa sababu nyingine. Wasomi wa huko wamekwisha kumtumia shabiki kama shahidi, na hakuna aliyewaambia waondoe kurasa. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo cha mwimbaji huyo wa Unguja. Kitabu hicho kimejaa sifa, na mwandishi hafichi kwamba anamstahi aliyemwandika. Tunakisoma kama kilele cha nathari ya Kiswahili. Baadaye mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja, aliwaendea wazee wa Ng'ambo waliokumbuka nyimbo za Siti na enzi zake. Wao ndio waliomweleza nyimbo zinamhusu nani. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke na jinsi sheria ilivyowaangukia mashahidi badala ya mwuaji. Mtu asiyewajua watu wale ataliona jina tu katika mshororo. Siti alikuwa amerekodi Bombay tangu mwaka 1928, sahani zake zipo, sauti yake ipo. Na bado maana ilikuwa kwa wale waliokaa karibu naye.

Sasa turudi kwenye pingamizi la wasahihishaji, kwani si la kupuuzwa. Wanasema mapenzi hupofusha. Katika insha tunayoizungumzia kuna mahali panapowapa haki: mwanafunzi anaandika kwamba sauti ya mwimbaji ilikuwa tamu "kuliko redio", na katika aya inayofuata anasema kelele za watu zilikuwa kubwa hata hakuweza kumsikia. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Shahidi wa namna hiyo mahakamani angebanwa. Na sisi tunapaswa kumbana. Ndiyo kazi ya mhakiki. Lakini tazama kinachopatikana ukimbana. Utamu anaousema haukutoka kooni kwa mwimbaji, kwa kuwa hakulisikia. Ulitoka kwa watu waliomzunguka, ambao walikuwa wakiimba wimbo aliodhani anaujua yeye peke yake katika simu yake kule Masisi. Kwa maneno mengine amekosea kuhusu chanzo cha sauti, hakukosea kuhusu nguvu yake. Mhakiki anayefuta aya zote mbili hupoteza kosa na ugunduzi kwa kalamu moja.

Tungetofautisha basi aina mbili za kauli za shabiki. Anapotoa hukumu, kwamba huyu ni bora kuliko wote, hana uzito kuliko mtu mwingine. Anapotoa habari, kwamba neno lilibadilika, ubeti uliachwa, jina la kijiji chetu lilitajwa, watu walijibu hivi, ana uzito kuliko sisi sote, kwa kuwa alikuwa akilinganisha kila kitu na nakala aliyoibeba moyoni. Ugumu ni kwamba katika maandishi yake aina hizi zimechanganyika katika sentensi moja, na kuzichambua kunahitaji subira ambayo kazi zilizorundikana mezani hazituruhusu kila mara.

Lipo jambo linaloyapa haya yote haraka. Hadhira ya uimbaji inahitaji mahali pa kukutania, na katika maeneo haya mahali hapo pamevunjwavunjwa. Masisi-centre ilitekwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na vita vikafika hata Walikale-centre Machi 2025. Kabla ya hapo maelfu ya watu wa Masisi walikuwa tayari wamekaa kambini Bulengo, Lushagala na Rusayo. Februari 2025 kambi hizo nazo zikabomolewa, watu wakatawanyika tena. Mwanamuziki anaweza kurekodi akiwa Kampala au Nairobi, na rekodi itamfikia mtu wake popote alipo. Innoss'B, kijana wa Goma, aliimba Yope na Diamond Platnumz mwaka 2019 na wimbo ukazunguka Afrika nzima. Rekodi haipungukiwi. Kinachopungua ni wanaojibu wakiwa pamoja.

Katika kukusanya data za Kinyanga tuliwahi kumwendea koko mmoja aliyehamia Goma akitokea Walikale. Tulitaka hadithi. Alituambia hajui hadithi, kwamba hadithi ni kazi ya wenyewe. Yeye alikuwa akienda tu kuwasikiliza. Tulipomwomba aimbe chochote, aliimba viitikio. Aliimba kimoja, akanyamaza kwa muda wa kama mistari miwili, akaimba tena. Mwanzoni tulidhani amesahau, na mmoja wetu akataka kuzima kinasa sauti. Kumbe alikuwa akimwachia fanani nafasi yake. Urefu wa kila kimya ulilingana, na kabla ya kiitikio cha mwisho kimya kilikuwa kirefu zaidi. Huo ni ujuzi wa muundo wa utendi. Hakuna kitabu kinachoonyesha kwamba msikilizaji wa Kinyanga aliubeba muundo huo hivyo, kwa upande wake wa pili, kama mtu aliyehifadhi nusu ya barua.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo machache kwa wanaosimamia kazi za mwisho wa masomo. Mwanafunzi anayehakiki nyimbo za mwanamuziki aliyemwona aruhusiwe kueleza alichokiona, kwa sharti kwamba ataonyesha tofauti kati ya rekodi na jukwaa mshororo kwa mshororo. Aandike lahaja iliyotumika, aliyetajwa, walioitikia na walivyoitikia, palipoachwa kimya. Asiyewahi kumwona mwanamuziki amtafute aliyemwona na amhoji kama mzee anavyohojiwa kuhusu ukoo. Na wanaofundisha Mwindo wasome darasani walau wimbo mmoja mzima pamoja na manung'uniko ya Rureke, nusu ya darasa ikiitikia. Tumejaribu hivyo kwa mwaka mmoja. Wanafunzi wa Kihunde walikipata kiitikio upesi, kwa kuwa lugha zao ziko karibu. Waliotoka Butembo walihitaji kufundishwa. Na mmoja akauliza kwa nini hatukuambiwa tangu mwanzo kwamba mwimbaji alikuwa na njaa.

Kuhusu ile insha, kurasa nne zimerudishwa mahali pake, na sasa zinahitaji kiambatisho chenye maneno ya rekodi upande mmoja na maneno ya jukwaani upande wa pili. Kazi hiyo haijakamilika. Mwandishi wake anadai kwamba katika ubeti wa pili pia kuna neno lililobadilishwa, na anawatafuta wengine waliokuwapo usiku ule ili walithibitishe.